Kinga ya Mwalimu

SEHEMU YA KWANZA

Mnunuzi wa vyuma alikuwa amekwisha kupima sufuria mbili zilizotoboka na bawaba za mlango uliooza, Shangazi alipomwonyesha dari la jiko.

"Huko juu kuna kinga ya zamani. Ishusheni, aipime nayo."

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2019, nami nilikuwa nimepanda Lemera kutoka Uvira kumwona Nyanya. Vijana wawili wakaingia jikoni, wakakata kamba za migomba, ikashuka baiskeli, ambayo kwetu tunaiita kinga, na masizi yake yote. Tairi zilikuwa zimeliwa na panya, na kiti kimebaki springi tupu. Mnunuzi akaitundika kwenye mzani wa ndoano. Hapo nikashindwa kuvumilia, nikamwambia aishushe.

"Kwa nini?" Shangazi akauliza. "Hapa inamsaidia nani? Watoto wanadaiwa pesa ya shule. Wewe unakaa mjini, unapanda huku mara moja kwa mwaka, halafu unazuia watu wasile?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nikampa kiasi kile kile ambacho mnunuzi alikuwa ametaja, na mnunuzi akafunga gunia lake akaenda zake.

Katika ukoo wetu hakuna mtoto asiyejua habari za baiskeli hiyo. Babu alikuwa mwalimu. Mwaka 1957 aliteremka hadi tambarare ya Ruzizi, akavuka mto, akaingia Usumbura, mji ambao tangu Burundi ipate uhuru mwaka 1962 unaitwa Bujumbura. Akanunua Raleigh mpya kwa akiba ya mshahara wake. Risiti iko hadi leo kwenye kopo la bati la Nyanya, pamoja na kadi za ubatizo: mwaka, bei, na maneno Raleigh bila gia kwa wino wa bluu. Wakati wa kurudi alipanda baiskeli tambarare yote, akaisukuma mlima wote, na wanafunzi wake wakateremka kumpokea njiani.

Na baiskeli hiyo imeona mengi. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera iliposhambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani mwao, hospitali ile ile ambayo Daktari Denis Mukwege aliitumikia kabla ya kuanzisha ile ya Panzi kule Bukavu na kabla ya kupewa Nobel mwaka 2018, Nyanya alikimbia na mjukuu mgongoni. Mjukuu huyo ni mimi. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Kabla ya kuondoka, Nyanya aliilaza baiskeli kwenye mtaro wa shamba na kuifunika majani makavu ya migomba. Vyombo, mbuzi na mabati viliibwa vyote. Tuliporudi tuliikuta palepale.

Ndiyo sababu nilimtafuta Fundi. Ni mzee wa Sange aliyejifunza kazi Bujumbura akiwa kijana, na hadi leo anatengeneza Phoenix za Kichina na Hero za Kihindi, zile zinazobeba makaa, mihogo na bidoni za maziwa tambararani kutoka alfajiri hadi usiku. Alifika kwa pikipiki, akasalimia wakubwa, akaomba maji. Kisha akaigeuza baiskeli, magurudumu juu, akaizunguka kimya. Hakufungua begi la spana. Alipapasa shingo ya fremu, mahali nembo ya kiwanda ilipokuwa zamani, akakuta matundu mawili tu ya ribiti.

"Mnaiita nini hii?"

"Raleigh, Fundi. Raleigh ya Mwalimu."

"Nani aliwaambia?"

"Risiti."

Akatikisa kichwa polepole. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza kufuta lile gurudumu la meno linaloshika cheni. Grisi yake ilikuwa imegeuka kuwa kama udongo wa mfinyanzi, akawa anaikwangua kwa kijiti cha mwanzi ili asikwaruze chuma. Alifanya kazi akiongea.

"Mwingereza hakuandika jina lake kwenye nembo peke yake. Nembo inang'oka, watoto wanachezea. Aliandika hapa, ndani ya chuma. Raleigh utaona vichwa vya ndege, korongo mwenye mdomo mrefu. Rudge utaona kiganja cha mkono. BSA ni herufi zenyewe. Ukijua kusoma gurudumu hili, hakuna mtu atakayekuuzia uongo."

Nikainama. Nilitarajia midomo ya korongo. Kilichojitokeza kwanza kilikuwa mguu. Kisha kiwiliwili na kichwa: mtu mdogo wa chuma, urefu wake hauzidi kidole, amesimama katikati ya duara. Fundi akazungusha pedali, akafuta tena. Akatokea wa pili, na wa tatu. Walikuwa watano.

"Hii ni Humber," alisema. "Kiwanda ni kimoja, Nottingham, maana Raleigh iliinunua Humber tangu mwaka 1932. Lakini hakuna duka la Usumbura ambalo lingeandika Raleigh kwenye risiti ya Humber. Humber ilikuwa na jina lake na bei yake." Akaniangalia usoni. "Mjukuu wa Mwalimu, hii kinga si ya babu yako. Ya babu yako iko wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka mlangoni nyuma yetu. Nyanya alikuwa amesimama bila fimbo yake, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Nani amewapa ruhusa ya kuisugua?"

SEHEMU YA PILI

Hakuna aliyejibu. Nyanya alitazama wale watu watano wa chuma kwa muda, akarudi ndani, akafunga mlango. Jioni hiyo hakula nasi.

Asubuhi nilimwomba radhi kwa kuanza kazi bila kumwambia. Akanisikiliza akichambua maharagwe. "Endeleeni," alisema. "Mmeshaanza, endeleeni. Lakini rangi msiitoe." Hakuongeza neno.

Fundi naye alikuwa na msimamo huo huo kwa sababu zake. Vijana wa mjini wakipata baiskeli ya namna hii wanapiga msasa mpaka chuma kinang'aa, halafu wanapaka rangi ya nyumba. Yeye huona huo ni uharibifu, na mimi nakubaliana naye kabisa. Rangi nyeusi ya kiwanda ilipikwa kwenye tanuru, na mistari myembamba ya dhahabu ilichorwa kwa mkono. Ukiifuta umefuta kazi ya mtu, na umefuta ushahidi. Tukaosha fremu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukaikausha, tukapaka mafuta mepesi. Sehemu za kromu zenye kutu tukazisugua kwa karatasi ya fedha iliyokunjwa na maji ya ndimu. Kazi hiyo ni ya subira tu, na kwa mkono, maana brashi ya chuma inaacha michirizi isiyotoka tena.

Kadiri uchafu ulivyotoka, ndivyo baiskeli ilivyozidi kukataa hadithi yetu.

Kwanza gurudumu la nyuma. Kwenye habu kulikuwa na kifuniko kidogo cha tundu la mafuta. Fundi akadondosha mafuta humo, akafuta mwili wa habu, maandishi yakajitokeza: Sturmey-Archer, AW, kisha 54. Wale watu wa Nottingham walikuwa na desturi ya kupiga mhuri wa mwaka kwenye habu zao za gia tatu. Kwa hiyo gurudumu hilo lilitoka kiwandani mwaka 1954, nalo lina gia. Risiti ya Babu ilikuwa ya mwaka 1957, na ilisema wazi: bila gia.

Kisha uma wa mbele. Humber kubwa za kusafiria zilijulikana hata kwa mbali kwa uma wao wa mirija minne, miwili kila upande, myembamba, imekwenda sambamba hadi kwenye ekseli. Ulikuwa ndio utambulisho wake barabarani. Uma wa baiskeli yetu ulikuwa na mirija miwili ya kawaida na vifuniko vya kromu juu ya mabega.

"Huu ni uma wa Raleigh," Fundi alisema. "Na gurudumu la mbele ni la Raleigh. Kuanzia fremu kwenda nyuma, Humber. Vinaingiliana kwa sababu mama yao ni mmoja. Mtu amekata kinga mbili akashona moja."

"Kwa nini mtu afanye hivyo?"

"Uma wa kwanza ulivunjika. Lakini angalia, huyu aliyeushona alikuwa na Raleigh nzima. Mtu mwenye Raleigh nzima anaivunja ili atengeneze kinga ya nani?"

Mikono ya pedali ilitupa kazi. Imekazwa kwa pini zenye umbo la kabari, na pini iliyokaa miaka mingi haitoki kwa hasira. Ukiipiga nyundo ovyo unapinda ekseli. Fundi aliloweka kila pini kwa mafuta usiku kucha, asubuhi akaweka gogo la mti mgumu chini ya mkono wa pedali ili nguvu isiende kwenye gololi, akarudisha nati hadi ikalingana na ncha ya pini, akainua nyundo na kupiga pigo moja. Tukasikia mlio mkavu, pini ikaruka. Shangazi, ambaye tangu siku ya mzani alikuwa hasemi nami, akacheka kwa mara ya kwanza. Toka hapo akawa anakuja kila jioni kuuliza tumefika wapi. Ndiye aliyesugua kengele hadi ikalia.

Kilichobaki ni chuma cha kiti, ile fimbo inayozama ndani ya bomba la fremu. Hakikutoka. Tulikilowesha, tukakizungusha kwa spana kubwa, tukamwaga maji ya moto juu ya bomba, kikawa kinazunguka robo tu, kisha kinagota mahali pale pale.

"Kutu haifanyi hivi," Fundi alisema. "Kutu inashika pande zote. Hiki kimezuiwa na kitu kimoja."

Akapitisha kidole gumba kwenye bomba la kiti, upande wa nyuma, kati ya mirija miwili inayoshuka kwenye gurudumu. Akasimama. Akaniita niguse. Chini ya rangi palikuwa na uvimbe mdogo wa duara, laini, usiozidi sarafu. Akaangaza tochi. Pale rangi ilipopauka, chuma kilikuwa cha manjano.

"Kiraka cha shaba. Mtu aliziba tundu hapa, akapaka rangi ya mkono. Kwa macho tusingeliona."

Tukabana fremu kati ya mawe mawili, vijana wawili wakaishika, Fundi na mimi tukavuta. Chuma cha kiti kikalia, kikapanda kidogo, kikakwama, kikapanda tena. Kilipochomoka tulikaribia kuanguka wote. Kilikuwa na shimo lililobonyea, kana kwamba kimegongwa na nyundo yenye ncha. Fundi akageuza fremu, akaitikisa.

Ndani ya bomba kitu kikagonga na kuteremka taratibu. Kikadondoka mkekani mbele ya miguu ya Shangazi, kizito, kimepondeka, rangi ya shaba upande mmoja na risasi ya kijivu upande mwingine.

Shangazi akakiokota kabla sijamzuia. Akakitazama, akamgeukia mama yake aliyekuwa ameketi kizingitini.

"Mama, baba alipigwa risasi lini?"

"Baba yako hakupigwa," Nyanya akasema. "Kaeni chini."

SEHEMU YA TATU

Kwa sisi watu wa tambarare na milima ya Uvira, mwaka 1964 hauhitaji maelezo marefu. Kwa upande wa mashariki ya Kongo, vita vya Mulele vilianzia kwetu kabla ya kuenea kote. Mei mwaka huo Uvira ilikuwa imekwisha kuanguka mikononi mwa waasi, na jeshi la serikali lilikuwa likipigana nao kuelekea Kamanyola, jina ambalo baadaye Mobutu alilipa kikosi chake na kulijaza redioni. Watu wa kawaida walikuwa katikati. Mwenye kalamu mfukoni alishukiwa na pande zote mbili.

"Walikuwa wawili," Nyanya alianza. "Mwalimu, na rafiki yake aliyekuwa karani wa mzani wa pamba kule bondeni. Sisi tulimwita Karani tu. Kinga ya watu watano ilikuwa yake. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao wakati wa uhuru. Lemera nzima haikuwa na nyingine ya uma wa namna ile."

Alisema kwamba usiku mmoja wote wawili walikuwa wanapanda kutoka bondeni, kila mmoja na baiskeli yake, wakikimbia. Alfajiri Mwalimu alifika peke yake. Aliacha Raleigh yake uani, akarudi mbio njiani, akaja tena na fremu ya Humber begani, haina uma wala gurudumu la mbele. Alisema Karani amepigwa, ameanguka korongoni, na maji yamemchukua. Wakaweka matanga bila maiti.

"Raleigh yake ilikuwa nzima," Nyanya aliendelea. "Kila mtu aliiona. Vita vilipopoa akaivunja kwa mikono yake. Akatoa uma na gurudumu, akavifunga kwenye kinga ya Karani. Iliyobaki akaiuza kwa bei ya chumvi. Tangu siku hiyo hadi anakufa alipanda ile ya Karani, na mtu akimsifu kwa Raleigh yake, hakumsahihisha."

"Na wewe, Nyanya, hukumwuliza?"

Akakunja kitenge chake magotini. "Wakati ule sikuwa mke wake bado. Nilikuwa nimeposwa."

"Na Babu."

"Na Karani."

Shangazi akafunika mdomo kwa kiganja.

Fundi hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya nyumba ya watu. Aliomba ruhusa ya jambo moja tu. Kwa kuwa tumejua mwili ni wa Humber, na kwa kuwa Mwalimu aliitunza kwa ajili ya mwenyewe, basi tuitafutie uma wake wa mirija minne ili isimame ilivyozaliwa. Nyanya akakubali. Nikapiga picha za gurudumu la meno, habu na fremu, Fundi akazituma kwenye WhatsApp ya mafundi wa Uvira na Bujumbura. Wengi walijibu kwamba uma wa namna hiyo hawajauona tangu utoto. Mmoja alisema tuchomelee wa Phoenix. Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana wa Bujumbura tusiyemfahamu. Alikuwa anaongea kwa haraka, na nyuma yake mzee alikuwa akikohoa na kumsahihisha.

"Babu yangu anasema uma huo anao. Umekatika shingoni. Anauliza, je, rangi ya fremu mmeiondoa? Kama hamjaiondoa, anaomba msiguse kitu chochote mpaka afike."

Walifika Jumamosi, wamevuka mpaka wa Kavimvira asubuhi, wakapata gari hadi bondeni na pikipiki mbili za kupanda. Mzee alishuka kwa msaada wa mjukuu wake. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepona vibaya, goti halikunji. Kwapani alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge. Nyanya alitoka ndani, akasimama. Hakuna aliyemkimbilia mwenzake. Mzee akavua kofia.

"Jambo, Mama."

"Jambo, Karani," Nyanya akajibu. "Tulikulilia."

"Nilisikia. Nilisikia pia kwamba umeolewa, na watoto mmepata. Nikaona nisirudi kuvuruga."

Akafungua kitenge mkekani. Mirija minne, myembamba, kromu imebaki kwenye mabega tu. Kwenye mirija yote kulikuwa na alama za kamba zilizokula rangi. "Uma ulikatika nilipogonga jiwe, nikaanguka nao korongoni. Mguu ulivunjika mahali pawili. Nikaufunga kwa huu uma, upande huu na upande huu, kwa kamba ya keria. Ndivyo nilivyotambaa hadi kwa watu walionivusha Ruzizi. Mkiona natembea, ni huu umenitembeza."

Fundi akapokea uma kwa mikono miwili. Akaupima kwenye shingo ya fremu, akatikisa kichwa kwa furaha: mabega yalikaa sawasawa, ukichomelewa shingo mpya utarudi mahali pake. Watoto wakaanza kushangilia. Shangazi alikuwa analia na kucheka.

Mzee hakushangilia. Aliomba aletewe fremu. Akailaza mapajani, akafumba macho, vidole vyake vikashuka kwenye bomba la kiti hadi vikakuta kiraka cha shaba. Vikatulia hapo.

"Risasi mmeipata?"

Shangazi akaitoa kwenye fundo la khanga yake. Mzee akaitazama bila kuipokea.

"Tundu liko upande gani, fundi?"

"Upande wa nyuma, Mzee."

"Nyuma." Akafumbua macho, akanitazama mimi, labda kwa sababu watu husema nina uso wa Babu. "Barabara ile ni nyembamba, mwanangu. Usiku ule waliotufukuza tulikuwa tumekwisha kuwaacha mbali. Mimi nilitangulia kwa sababu kinga yangu ilikuwa na gia. Nyuma yangu alikuwa mtu mmoja tu."

Uani pakanyamaza. Nilitaka kusema kwamba Babu hakuwahi kushika bunduki maishani mwake, kwamba alikuwa mtu wa chaki na kitabu, kila mtu Lemera anajua. Nilimgeukia Nyanya anisaidie.

Nyanya alikuwa amekwisha kuinuka. Hakumtazama Karani, wala mimi.

"Leta jembe," alimwambia Shangazi. "Sogezeni jiwe la kusagia, mchimbe chini yake. Alfajiri ile Mwalimu hakurudi na fremu peke yake. Kile kingine nilikizika mimi."

ITAENDELEA